Mpango wa Mtu Asiyelala Nyumbani

Pongwe, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo, ila mbu wa mvua hizi hawana adabu. Mkeo na watoto walikuja Jumapili wakashinda hadi jioni. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikipiga ama uko mizani, ama uko mlimani, ama mtandao hakuna. Barua utaisoma gari likiwa limesimama, na huko kusimama ndiko ninakotaka tukuzungumzie.

Ulipokuja Idi nilikupima presha jioni, nikakupima tena asubuhi yake: 152 kwa 96, kisha 148 kwa 94. Ukacheka, ukasema ni pilau. Pilau peke yake haifanyi hivyo. Mtu mzima hatakiwi kufika 140 kwa 90, na akikaa karibu na 120 kwa 80 ndiyo vizuri zaidi. Vipimo viwili kwenye kibaraza cha shangazi yako havitoshi kukuita mgonjwa, nami sikuiti. Vinatosha kukutaka upime tena siku nyingine tofauti, umekaa kitako dakika 5 kwanza, miguu chini, mkono umeegemea meza usawa wa moyo, umeshakojoa, na nusu saa nzima hujagusa kahawa wala sigara. Wale wanaokupima umesimama mlangoni pa duka la dawa huku injini inanguruma nje wanakuuzia namba tu.

Sasa huo mpango wako. Uliponionyesha kwenye simu nilifurahi, maana vijana wengi hungoja mpaka mdomo uende upande ndipo wakumbuke afya. Lakini niliusoma wote. Kuamka saa 11 kila siku na kukimbia kilomita 5. Gym mara tatu kwa wiki. Kula nyumbani tu. Kulala saa 4 usiku. Tahajudi kila usiku. Juzuu moja ya Kurani kwa siku. Mwanangu, huo ni mpango wa karani wa benki anayekaa Mikocheni. Wewe unaendesha semi kutoka bandarini mpaka Tunduma, zaidi ya kilomita 900, na mara nyingine unavuka Nakonde unaendelea Zambia mpaka mpakani kwa Wakongo. Hiyo gym iko wapi, Ruaha Mbuyuni? Mpango wa namna hiyo utaushika safari moja, ya pili utakushinda, kisha utajiona huna maana, na kujiona huna maana nako ni maradhi.

Mimi nakwambia hivi: huna ratiba ya saa, una vituo. Basi mpango wako uutundike kwenye vituo, na vituo hivyo tayari umepewa. Msafiri kama wewe anapunguza sala. Adhuhuri, Alasiri na Isha anazisali rakaa mbili mbili, na anaruhusiwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri pamoja, Magharibi na Isha pamoja. Chuoni ulisoma, sikufundishi. Ukikwama foleni ya Tunduma siku nyingi na huelewi kama bado wewe ni msafiri, muulize imamu wa msikiti wa pale. Ninachotaka uone ni kwamba ukizikusanya hivyo, dini yako inakushusha kwenye gari mara tatu kwa siku: Alfajiri, mchana, na jioni. Mwili wako nao unahitaji kushuka mara hizo hizo, na roho ya mkeo inahitaji kusikia sauti yako mara mojawapo ya hizo. Kwa hiyo usiwe na mipango mitatu, mmoja wa mwili, mmoja wa akili, mmoja wa roho. Uwe na kusimama kutatu, na kila kusimama kufanye kazi zote.

Kituo kiende hivi. Ukishuka, kabla ya udhu, zunguka gari. Najua unalizunguka kupiga tairi na kukagua turubai, lakini zunguka na mengine, tembea kwa haraka hadi pumzi ibadilike kidogo, dakika 10 tu, utingo wako akilinda. Dakika 10 mara tatu ni nusu saa. Siku tano ni dakika 150, na hizo ndizo Shirika la Afya Duniani linazomtaka mtu mzima azifikishe kwa wiki. Hujalipia gym. Kisha kunywa maji, na usiniambie hunywi kwa kuogopa kusimama kukojoa, kwa sababu nakujua, na nawajua madereva. Mimi ni muuguzi, wodini nimewapokea wenye mawe kwenye figo wakilia kama watoto. Mkojo ukiwa umekolea, umechelewa kunywa. Kisha udhu, sala, na baada ya salamu usikurupuke. Kaa palepale kwenye mkeka, vuta uradi hata mfupi. Hapo ndipo kichwa kinapotua. (Mikumi usiihesabu. Ndani ya hifadhi si mahali pa kushuka kunyoosha miguu, simba nao wana mpango wao wa afya.)

Kwenye chakula sitakaa sana, maana hata ungepewa karatasi ya daktari bado utakula kwa mama ntilie, na mama ntilie hana ubaya. Ubaya ni chumvi na soda. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko cha chai kisichojaa, na hiyo imo tayari kwenye supu, kwenye maharage, kwenye nyama ya kuchoma. Ile unayonyunyizia juu ya chipsi ndiyo inayokumaliza. Soda isome nyuma ya chupa: kila gramu 4 za sukari ni kijiko kimoja. Wewe mwenyewe utahesabu, na ukifika nane utaona aibu. Machungwa ya Chalinze, nyanya za Ilula, maparachichi ya Mbeya, yote yanakupitia dirishani. Nunua ule, usinunue ya kupeleka Dar tu.

Usingizi ndipo nitakaposema sana.

Mkeo ameniambia kwamba unakoroma, kisha koromo linakatika kimya, hupumui, halafu unashtuka kama mtu aliyezama akaibuka. Amekuwa akikuhesabia pumzi usiku, maskini. Huko kukatika kwa pumzi usingizini ni ugonjwa unaojulikana, unapandisha presha, na unamfanya mtu alale muda wa saa 7 aamke amechoka kama hakulala. Wanaume wenye shingo nene na kitambi unawapenda zaidi. Mwambie daktari maneno hayo hayo ya mkeo, usiyapambe. Na ukipunguza hata kilo chache, koromo lenyewe hupungua.

Kuhusu mirungi sitakutolea hotuba. Kwa Tanzania ni dawa ya kulevya kisheria, unalijua hilo, na unajua vilevile nani anaiuza kwenye maegesho. Nakwambia kama muuguzi: haiondoi usingizi, inauficha. Deni lipo palepale, na moyo unapigishwa mbio juu yake. Vile vinywaji vya kopo navyo ni hivyohivyo. Kopo la mililita 250 lina kafeini ya miligramu 80 hivi, na baada ya saa 5 nusu yake bado inakuzungukia mwilini. Unakunywa saa 2 usiku uvuke Makambako, ukija kulala saa 8 unagaagaa kwenye kitanda cha kebini, asubuhi unatafuta kopo jingine.

Piga hesabu pamoja nami. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde moja linakula mita 22. Ukisinzia sekunde 4, na hizo ni chache mno, gari limekwenda karibu mita 90 bila dereva. Karibu urefu wa kiwanja cha mpira. Kwenye ile tambarare ya Igawa, ambako barabara imenyooka na joto linabembeleza, mita 90 zinaweza kuwa na baiskeli, mbuzi, na watoto wanaotoka shule. Saa mbaya ni saa 8 za usiku mpaka alfajiri, na tena baada ya chakula cha mchana. Ukijikuta unapiga miayo mfululizo, au umepita kibao hukukisoma, au kilomita za mwisho huzikumbuki, usifungue dirisha wala usiongeze muziki. Egesha pahala salama, lala dakika 20. Tajiri akipiga simu, mwambie umesimama kuswali na kupumzika. Akikasirika, akasirike, gari ni lake, shingo ni yako.

Nakuja kwenye lile ulilonieleza usiku, watoto wamelala. Ile ajali ya mteremko wa Kitonga, ulivyosimama ukasaidia kuwatoa watu, na mikono yako ilivyokuwa. Umesema tangu siku ile ukirudi na shaba na ukaanza kushuka, jasho linakutoka hata kukiwa na baridi, na usiku unaziona zile nyuso. Ukasema labda imani yako imepungua.

Haijapungua. Mtu aliyeona uliyoyaona wewe akatetemeka ana akili timamu. Kwa wengi mambo hayo hupoa yenyewe baada ya wiki chache, hasa mtu akipata wa kuzungumza naye. Yakipita mwezi na bado unaota, bado unaikwepa njia, unakasirikia watoto bila sababu, hapo inatakiwa tiba, na tiba ipo. Ni mazungumzo yenye utaratibu na mtu aliyesomea kazi hiyo, mara nyingine na dawa. Muhimbili wana idara nzima ya afya ya akili. Najua vijana wa maegesho watakutania kwamba unapelekwa Mirembe. Waache. Mirembe ni hospitali, si tusi, na waliotoka huko wakaendelea na kazi zao ni wengi kuliko wanaowacheka wanavyodhani.

Shemeji zako wamesema ni jini wa barabara, wanataka usomewe. Kusomewa sikukatazi, maneno ya Mungu hayajamdhuru mtu, nami nitakuja kuitikia dua. Lakini yeyote atakayekwambia usiende hospitali kwa sababu amekusomea, huyo mkimbie, na pesa yako usimpe.

Jingine nitalisema mara moja, kwa kuwa mimi ni shangazi na shangazi ndiye mwenye ruhusa. Upweke wa barabara naujua, na Tunduma naijua. Nenda ukapime virusi vya Ukimwi na mkeo, nyote wawili, siku moja, chumba kimoja. Na yanayokujia usiku ukiwa kwenye foleni, mpigie yeye kwanza. Simu ya baada ya Magharibi iwe yake, si ya dakika moja ya kuuliza watoto wamekula nini. Mweleze mlima, mweleze ulichokiogopa. Mwanamke anayekuhesabia pumzi anaweza kuyasikia hayo.

Kuhusu roho, tahajudi ikikupata ukiwa nyumbani, alhamdulillahi. Njiani usingizi wako una haki juu yako, na Alfajiri kwa wakati wake inatosha. Juzuu kwa siku iache. Chukua ukurasa mmoja, baada ya Alfajiri, kabla hujawasha injini. Ramadhani ukiwa safarini una ruhusa ya kula na kulipa baadaye, usijioneshe shujaa ukiwa na tani 30 nyuma yako. Ila kuna jambo halimo kwenye mpango wako, nami naliweka juu ya yote hayo. Madumu. Sisemi wewe unavuta mafuta ya tajiri na kuyauza, sikukuona na sijaambiwa. Nasema wanaofanya wanalala vibaya. Kila gari la kampuni likiwapita wanashtuka, kila simu ya ofisi wanaitazama mara mbili kabla ya kupokea. Hakuna uradi unaotuliza moyo wa namna hiyo. Posho ikiwa ndogo, dai posho; mko wengi, daini pamoja.

Basi futa ule mpango wa kwenye simu. Andika mistari mitatu tu, mmoja kwa kila kituo, ubandike juu ya kioo cha dereva mahali ambapo utingo naye anaisoma. Yeye ni Mkristo, atasali ya kwake, lakini kutembea na maji ni vyake pia, na mwenye kukukumbusha si lazima awe wa dini yako. Kila ukirudi nyumbani pima presha asubuhi, siku tatu mfululizo, mkeo aandike kwenye daftari. Zikibaki juu ya 140 kwa 90 nenda na hilo daftari kwa daktari, na ukipewa dawa usiziache siku utakayojisikia mzima, maana presha haiumi. Ikifika 180 kwa 120, kifua kikabana au macho yakaingia giza, usingoje mzigo ushushwe. Nenda hospitali saa ileile.

Mashine ya presha nimempa mkeo, betri zake nne ndogo nimeweka mpya. Ukipita Mbeya niletee maparachichi, lakini yasiwe yameiva, yale ya mara iliyopita yalifika uji. Na utingo msalimu.

Shangazi yako