Gitaa liliniumbua mbele ya bi harusi!

Wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya mitindo. Nina aibu yangu mwenyewe, na nimeona bora niitoe mwenyewe hapa kuliko kuisikia vijiweni ikiwa imeongezwa chumvi.

Wengi wenu mnanijua kwa kalamu tu. Wachache wanajua kwamba tangu nimalize kidato cha nne nahangaika na gitaa. Mama ameshasema mpaka amechoka: "Mwanangu, hilo gitaa litakulisha nini?" Mimi kimya. Basi bwana, bendi moja ya kwetu Temeke ikanipa nafasi ya kupiga solo kwa majaribio. Harusi tatu. Ukiweza unabaki, ukiboronga unarudi kijiweni. Mbili za kwanza nilipiga gitaa la kuazima, mambo yakaenda salama. Ya tatu nikasema lazima niingie na mashine yangu.

Nikanunua gitaa la mtumba Kariakoo, jeusi, linang'aa hilo! Lilikuwa na daraja la kuelea, lile la Floyd Rose. Kwa wasiolijua, daraja ni kile chuma kilichoshika nyuzi tumboni mwa gitaa. Magitaa mengi daraja limekazwa kwenye mbao, halitikisiki. Hili limeegemea nguzo mbili ndogo tu. Nyuzi sita zinalivuta upande mmoja, springi zilizofichwa mgongoni zinalivuta upande mwingine. Lina mkono wake. Ukiubonyeza sauti inazama, ukiuinua sauti inapaa. Alilibuni Mmarekani Floyd Rose miaka ya 1970, na Eddie Van Halen ni mmoja wa waliolitumia mapema. Nilikuwa nimemtazama Van Halen kwenye simu mpaka bando limekata.

Siku ya harusi, saa tisa alasiri, nikaona nyuzi zimeshika kutu. Nikazitoa zote sita kwa mpigo, nikafunga mpya nene zaidi, namba kumi badala ya namba tisa. Jamani, hapo ndipo nilipojichongea.

Nikatyuni uzi wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Nikarudi wa kwanza, umelegea! Nikaukaza, wa tatu ukashuka. Nikaukaza wa tatu, wote wakaanguka. Nilizunguka hivyo saa mbili nzima, programu ya kutyuni kwenye simu inaniwakia nyekundu tu. Kutazama daraja, limeinuka mgongo kama paka aliyeona mbwa. Nikajipa moyo, nikapanda jukwaani hivyohivyo.

Bi harusi anaingia, watu wamesimama, vigelegele vinalia. Nikapiga sebene la kwanza, uzi wa pili ukakatika. Tap! Kwenye gitaa la kawaida unapotea uzi mmoja, unaendelea na mitano. Kwenye hili, springi zikashinda nguvu, daraja likalala nyuma, nyuzi zilizobaki zikapanda sauti zote kwa pamoja. Ilitoka kelele, msomaji, mpaka bi harusi akasimama katikati ya ukumbi akatutazama.

Na mimi badala ya kunyamaza, nikamgeukia mpiga rithimu nikamwambia, maiki iko wazi: "Wewe ndiye uko nje, utyuni gitaa lako!" Ukumbi mzima ukasikia. Huyo ndiye aliyeniombea nafasi kwa kiongozi wa bendi. Hakunijibu kitu. Kiongozi akanionyesha ngazi kwa kidole, nikashuka.

Siku tatu sikutoka ndani. Ya nne nikalibeba gitaa mpaka kwa mzee mmoja jirani, mpiga solo wa zamani wa dansi, wote tunamwita Anko.

"Shikamoo, Anko."

"Marahaba. Nimesikia habari zako. Lete bisibisi."

Akaligeuza, akafungua kifuniko cha mgongoni. Springi tatu. Akanionyesha skrubu mbili zinazoshika springi kwenye mbao. "Seti ya namba tisa inavuta karibu kilo 40," akasema. "Hii yako ya kumi inavuta karibu 47, karibu mfuko mzima wa saruji. Mbele umeongeza mzigo, nyuma hukuongeza mtu wa kuvuta. Hata ungekesha, usingetyuni."

Akakaza zile skrubu kidogo, akatyuni nyuzi zote, akatazama daraja. Akakaza tena kidogo, akatyuni tena. Mara ya nne daraja likalala sawa na mwili wa gitaa. Akazivuta nyuzi kwa vidole zimalize kunyooka, akatyuni mara ya mwisho, ndipo akabana kufuli za shingoni. Kilichobaki akakimalizia kwa vile vifunguo vidogo vya kwenye daraja. Akanionya: siku nyingine badilisha uzi mmoja mmoja, na usibadilishe unene siku ya kazi.

Kisha akaniuliza, "Huo mkono unautumia kwenye sebene?" Nikasema hapana. Akachonga vipande viwili vya mbao, akavibana huku na huku mwa chuma kinachoshikwa na springi. Daraja likaacha kuelea. Sasa uzi mmoja ukikatika, mingine inabaki palepale.

Nikamshukuru, nikainuka. Akaniita. "Gitaa limepona. Yule kijana wa rithimu je?"

Nilikwenda kwake jioni ileile. Nikamkuta anafua, nikamwambia mbele ya wadogo zake kwamba nje nilikuwa mimi, yeye alikuwa sawa. Akaendelea kufua. Baadaye akasema, "Ungeniambia mchana ule kwamba limekushinda, ningekuazima langu la pili." Basi. Maneno hayo yaliniuma kuliko kidole cha kiongozi.

Kiongozi naye amenijibu: njoo mazoezini, ila kwanza utabeba spika. Nabeba. Mama anacheka, lakini juzi nilimkuta analifuta vumbi gitaa.

Wewe mwenye daraja la kuelea, ukiona unakaza uzi huu na ule unalegea, acha kufukuzana nao. Geuza gitaa, tazama mgongoni. Na kabla hujamnyooshea mwenzako kidole, tyuni kwanza lako.

Haya, tukutane wiki ijayo!