Mkwajuni, Kabla na Baada ya Maji

Nyumba za bonde la Msimbazi zilipoanza kubomolewa mwaka 2024, baada ya wenyewe kulipwa fidia, vijana wa Kinondoni walisimama kwenye mteremko wakitazama mabati na nondo zikipakiwa kwenye maguta. Swali lao lilikuwa moja, na liliwakera watu wazima waliokuwa karibu: hivi hawa waliwaza nini kujenga mtoni?

Aliyezaliwa mwaka 2005 amelikuta bonde limeshonana nyumba. Hakuona mashamba, na hakuna aliyemsimulia watu waliingiaje.

Waliokulia Hananasif, Mkwajuni na Magomeni Suna wanalo bonde jingine kichwani. Chini ya mteremko palikuwa na majaruba ya mpunga, matuta ya mchicha na matembele, na minazi iliyopandwa na watu waliokwisha kufa. Mto Msimbazi, unaoanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe na kuingia baharini pale Daraja la Selander, ulikuwa na kambale. Masika ukifurika, maji yalitandaa majarubani siku mbili tatu, kisha yakashuka. Watoto walizuiwa kwenda chini siku hizo, na walikwenda.

Kwamba pale si mahali pa kulala watu, jiji lilijua. Mpango Mkuu wa mwaka 1979 ulilitaja bonde kuwa eneo la hatari. Lakini viwanja vilivyopimwa havikumtosha mtu aliyeshuka kwenye basi kutoka Rufiji au Dodoma akitafuta riziki, naye akitaka kuishi mahali ambapo angeweza kwenda Kariakoo kwa miguu. Mwenye shamba alimega kipande, wakaandikishana mbele ya mjumbe, shahidi akatia dole gumba. Kilianza kibanda, kikafuata chumba cha matofali, baadaye nyumba ya vyumba sita ya kupangisha. Nguzo za umeme zilifika. Mabomba yalifika. Wagombea nao walifika kuomba kura nyumba hadi nyumba. Mtu aliyehudumiwa hivyo kwa miaka angeaminije kwamba hapaswi kuwapo?

Mkwajuni alikuwapo muuza duka mmoja ambaye watu wa mtaa ule bado wanamtaja. Duka lake lilikuwa na kizingiti cha saruji kilichofika magotini, na mteja mzee alishikwa mkono kukivuka. Rafu ya chini ilikaa soda na chupa za mafuta ya kula tu; unga, sukari na viberiti vilikaa juu, karibu na dari. Sabuni ya mche aliikata vipande kwa uzi. Mafuta ya taa aliyapima kwa kikopo, akamimina kwenye chupa ya mteja bila kudondosha tone. Nyuma ya mlango alichora kwa mkaa mistari ya kina cha maji, mmoja kwa kila mwaka mbaya, ukiwamo wa mvua za El Niño. Mpangaji mpya akimuuliza kama pale panajaa, alimwonyesha ile mistari, kisha akamwachia aamue.

Mvua ya Desemba 2011 iliivuka mistari yote. Kumbukumbu za Mamlaka ya Hali ya Hewa zinataja milimita 156.4 ndani ya saa 24, kiasi ambacho Dar es Salaam haikuwa imekipata tangu mwaka 1954. Ilikuwa Jumanne ya tarehe 20 na Jumatano iliyofuata. Watu wa bondeni hawana haja na tarehe. Kwao ni ile mvua ya kabla ya Krismasi, sherehe za miaka 50 ya Uhuru zikiwa hata hazijatimiza wiki mbili.

Maji hayakupanda taratibu kama ya zamani. Yalikuja na magogo, magodoro na matangi ya plastiki, yakagonga kuta za matofali mabichi hadi zikalala. Watu walipanda juu ya mabati na watoto migongoni. Waliofika kwanza kuokoa walikuwa majirani wa mteremkoni, waliofunga madumu matupu kwa kamba na kuingia majini. Zaidi ya watu 40 walikufa jijini.

Maji yalipotoka ndipo ilipoanza harufu. Palikuwa na matope mazito meusi, mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye maduka, unga uliochacha, na vyoo. Watu wa uswahilini wanaijua tabia ya kutapisha vyoo, yaani kutoboa shimo mvua inaponyesha ili uchafu uondoke na maji. Uchafu wa wa juu uliingia jikoni kwa wa chini. Harufu ile ilikaa kwenye kuta wiki nyingi. Yule muuza duka alitoa daftari lake la madeni, akalichambua ukurasa kwa ukurasa na kuuanika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Wino ulikuwa umetawanyika. Wadaiwa walikuja wenyewe, wakamtajia wanachodaiwa.

Waathirika wengi walipelekwa Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Walipewa mahema na viwanja, lakini kibarua, wateja na shule vilibaki mjini, na baadhi yao walirudi bondeni. Yakaja mafuriko ya 2014. Desemba 2015 zikaja alama za X nyekundu na tingatinga. Aprili 2018 maji yaliifunika karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa palepale Jangwani, ndani ya bonde lilelile walilofukuzwa wenye vibanda. Hilo liliwauma wengi kuliko tingatinga.

 Adha ya Dar es Salaam ni maji, na kwa sehemu kubwa imejitengenezea yenyewe. Wakazi milioni 2.5 wa mwaka 2002 walikuwa milioni 5.4 mwaka 2022. Juu huko, Ukonga, Gongo la Mboto na Kinyerezi, palipokuwa na mikorosho sasa ni mabati na saruji, na tone la mvua halina pa kuzama. Mchanga unateremka na kuujaza mto chini ya Barabara ya Morogoro. Tena kuna taka: mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishtaki jiji kwa sababu ya dampo, wakashinda. Taka zikahamishiwa Vingunguti, kwenye bonde la mto huohuo.

Sasa kuna mradi wa bonde la Msimbazi, uliopata dola milioni 200 za Benki ya Dunia mwaka 2022, wenye daraja jipya la Jangwani na sehemu ya bonde kugeuzwa bustani ya jiji. Waliolipwa wameondoka. Walioondoka wanastahili kuiona bustani hiyo ikiwa bustani kweli, si viwanja vipya vya wenye pesa zaidi. Wanaoishi kandokando ya bonde ndio watakaoona dalili ya kwanza ya viwanja hivyo, nayo itakuwa lori linalomwaga kifusi usiku. Wachukue namba ya lori hilo, waipeleke ofisi ya serikali ya mtaa asubuhi ileile.