Sushi na Mama Mjamzito: Kuuliza Si Ushamba

Mikahawa ya Kijapani imesogea hadi mitaani, na Jumapili jioni si ajabu kuona familia nzima, kuanzia bibi hadi mtoto wa chekechea, ikihangaika na vijiti. Menyu ikija na majina yasiyozoeleka, baba huonyesha kidole kwenye picha inayovutia na kuagiza kwa niaba ya wote. Mama mwenye ujauzito wa miezi sita hula alicholetewa. Hakuna anayeuliza, maana hakuna anayetaka kuonekana mshamba.

Ukimya huo una hatari. Samaki mbichi anaweza kubeba bakteria wa listeria, ambao huweza kuharibu mimba au kusababisha mtoto azaliwe mgonjwa. Anaweza pia kuwa na minyoo midogo iitwayo anisakis. Kumgandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 huua minyoo, lakini hakuui bakteria wote. Wasabi, ile rojo ya kijani inayopanda puani, nayo si dawa. Ndiyo maana wajawazito na watoto wadogo hushauriwa kula kilichoiva.

Hilo haliwanyimi mlo. Neno sushi linahusu wali uliotiwa siki, wala si lazima uwe na samaki mbichi. Kuna sushi ya yai, ya tango na ya parachichi. Vipande vya samaki mbichi visivyo na wali ndivyo huitwa sashimi. Menyu hiyohiyo ina udon, tambi nene za ngano kwenye supu ya moto, na yakitori, kuku aliyechomwa kwenye vijiti, ambaye mtoto aliyezoea mishikaki hatamwona mgeni.

Sosi ya soya nayo iangaliwe. Kijiko kimoja cha mezani kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Mtoto achovye kidogo tu.

Maswali ya kumuuliza mhudumu ni mawili: hiki kimeiva? Na je, kisu na ubao uliokatia samaki mbichi ndio utakaokatia chakula cha mtoto? Asipojua, aende jikoni akaulize. Kule Japani, mpishi wa sushi husimama kaunta, uso kwa uso na wateja, na kumuuliza kuhusu samaki wa siku hiyo ni jambo la kawaida.