Kompyuta Iliyokataa Kuamka

Kompyuta huamka hatua kwa hatua. Kwanza programu ndogo iliyotiwa kiwandani katika ubao wake mkuu hukagua viungo: kumbukumbu, diski, kibodi. Kisha huikabidhi kazi programu ya pili, iliyo kama bawabu, nayo hukiita kiini cha mfumo. Kiini huja na furushi la zana, huifungua diski kwa zana hizo, na kuwaamsha watumishi wengine wote. Pete moja ya mnyororo huu ikikatika, mwenye mashine hudhani kuwa vyote vimekufa. Dhana hiyo imepoteza mali nyingi.

Niliitiwa mashine ya mweka hazina wa chama cha akiba cha akina mama. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi wanachama wangegawiwa fedha zao, na hesabu za miaka 3 zilikuwa humo bila nakala nyingine. Mashine ilitumia mfumo wa Ubuntu, jina lililotoka katika lugha za kusini mwa Afrika, ndugu wa neno letu utu. Matoleo yake huhesabiwa kwa mwaka na mwezi: 22.04 ni la Aprili 2022, 24.04 ni la Aprili 2024. Mama yule alikuwa akihama kutoka la kwanza kwenda la pili umeme ulipokatika. Uliporudi, mashine iliandika mistari michache myeupe, ikanyamaza.

Fundi aliyetangulia alishauri diski ifutwe na mfumo utiwe upya. Ni dawa ya haraka, nami siilaumu pale ambapo diski haina kitu. Hapa ilikuwa na jasho la watu.

"Mwalimu, hesabu za wenzangu zimekwenda?" mama aliniuliza. Nilimwomba subira, maana jibu sikuwa nalo.

Nembo ya kiwanda ilionekana, basi hatua ya kwanza ilikuwa nzima. Katika orodha ya mipangilio jina la diski lilikuwamo, basi diski ilikuwa hai. Mistari myeupe ilisema kwamba kiini kimeshindwa kuifungua. Maana yake kiini kiliitwa, kikaja, lakini mikono mitupu: umeme ulikatika furushi lake likiwa bado linafungwa.

Mfumo huu, kwa bahati njema, hauna haraka ya kuwafukuza wazee. Kiini kipya kikitiwa, cha zamani huachwa pale pale pamoja na furushi lake. Nilibonyeza kitufe cha Esc mara mashine ilipoanza, orodha ya bawabu, aitwaye GRUB, ikatokea, nami nikachagua kiini cha zamani. Tulingoja kimya. Kisha kikatokea kidirisha cha neno la siri, na mama akaliandika mwenyewe kwa kidole kimoja, polepole sana.

Hesabu zilikuwamo zote. Kabla sijatengeneza chochote tulizinakili katika diski mbili ndogo za mkononi. Hapo ndipo nilipouamuru mfumo umalize kazi iliyokatizwa na kukifungia kiini kipya furushi lake. Mashine ilipoamka tena, iliamka kwa kiini kipya.

Diski moja mama alimpa katibu. Ya pili aliifunga katika pindo la leso yake, akaenda kuwaarifu wenzake kwamba mkutano upo.