Hesabu ya Mchungaji

Kila usharika una watu wa kuhesabu. Wazee wa kanisa huhesabu waliohudhuria ibada, na Jumapili inayofuata idadi hiyo husomwa katika matangazo pamoja na sadaka. Mwinjilisti ana daftari la watoto wa Kipaimara. Shuleni nako mwalimu wa darasa ana rejesta, na kila asubuhi majina huitwa. Hesabu hizi zote ni njema. Lakini hesabu ziko za aina mbili, nami nimeuona utofauti wake kupitia ugonjwa wa binti yetu.

Binti yetu ana miaka 16. Anasoma kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa mkoani Kagera. Ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, kwake hujikunja kama mundu wa kukatia nyasi, zikawa ngumu na kunasa katika mishipa midogo. Sehemu ambayo damu haifiki huuma vibaya: mifupa, kifua, mgongo. Ugonjwa huu hauambukizi, wala si kazi ya mchawi. Mtoto huurithi pale baba na mama wote wawili wanapokuwa wamebeba vinasaba vyake, hata kama wao wenyewe ni wazima kabisa. Kwa wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Mke wangu na mimi ni wazazi wa namna hiyo.

Kinachowasha maumivu mara nyingi ni mambo madogo: baridi, kiu, uchovu, malaria. Anayeijua Bukoba na mvua zake za masika ataelewa. Mtoto analala mzima, sare imepigwa pasi, madaftari yako kwenye begi. Saa kumi usiku anaita, “Mama, mguu.” Asubuhi jina lake linaitwa darasani na hakuna wa kuitikia. Baada ya siku tatu au nne anarudi, amekonda, macho yana umanjano, na swali la kwanza analokutana nalo getini ni, “Ulikuwa wapi?”

Alipokuwa kidato cha pili, katika muhula mmoja alikosa siku 23. Jina lake likaingia katika orodha ya watoro, nasi tukaitwa shuleni. Tulipokewa kwa heshima. Mwalimu aliyezungumza nasi alisema kwa upole, “Mchungaji, mpumzisheni mtoto. Akae nyumbani mwaka huu apone kwanza, mwakani atarudi.” Alisema kwa nia njema, lakini ilikuwa inamaanisha kwamba hatafanya mtihani wa taifa wa kidato cha pili pamoja na wenzake. Na ugonjwa huu hauna “apone kwanza”. Ni kweli kwamba tiba ya kupandikiza uloto imeshaanza nchini mwetu, lakini bado ni ya wachache. Kwa wengi, sikoseli ni safari ya maisha yote. Mtoto akiambiwa asubiri kupona ndipo asome, ameambiwa asisome.

Tukiwa njiani kurudi alikuwa kimya. Tulipokaribia nyumbani akasema, “Baba, mimi si mtoro.” Nikamjibu kwamba nalijua hilo. Akasema, “Wewe unajua. Rejesta haijui.”

Neno hilo lilinipeleka kwenye Luka 15. Tumezoea kuuhubiri mfano wa kondoo aliyepotea kwa habari ya wenye dhambi wanaotubu, na ndivyo Bwana mwenyewe alivyoueleza. Lakini tazama jambo moja linalotangulia. Yule mchungaji asingejua kwamba mmoja hayupo kama hangehesabu. Katika kundi la 100, kukosekana kwa mmoja hakuonekani kwa macho. Alihesabu, akakuta 99, na hesabu hiyo ikamnyanyua kwenda. Hakuandika upungufu akalala. Kwake, kutokuwepo kwa kondoo kulikuwa sababu ya kutoka na kutafuta. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawakemea wachungaji wa Israeli kwa sababu iyo hiyo: walio dhaifu hawakutiwa nguvu, wagonjwa hawakutibiwa, waliopotea hawakutafutwa. Nina hakika wachungaji wale idadi ya kondoo wao waliijua.

Basi hizi ndizo hesabu mbili. Moja huhesabu ili kumuuliza mtu alikuwa wapi. Nyingine huhesabu ili kujua ni nani wa kumfuata.

Tulirudi shuleni wiki iliyofuata, safari hii tukiwa na barua ya daktari na karatasi moja tuliyoiandika sisi wenyewe. Hatukuomba binti yetu apewe alama za bure. Tuliomba mambo machache. Aruhusiwe kuwa na chupa ya maji darasani na kunywa wakati wowote, na kwa sababu hiyo aruhusiwe kwenda chooni bila kuulizwa mara mbili. Avae sweta hata siku ambayo wengine hawavai. Asisimamishwe mstarini kwenye manyunyu, wala asipewe adhabu ya kufyeka au kukimbia. Akipata homa au maumivu ya kifua tupigiwe simu saa ile ile, maana kwa mgonjwa wa sikoseli hayo si ya kusubiri kengele ya kutoka. Na siku asipokuwepo, rejesta iandike kwamba ni mgonjwa. Mkuu wa shule aliisoma karatasi hadi mwisho, akamwita mwalimu wa ushauri nasaha, akasema, “Haya yote yanawezekana. Hakuna aliyekuwa ametuambia.” Jina likatoka katika orodha ya watoro.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya nyumbani na ya usharika. Kila siku anameza vidonge vya foliki na dawa ya haidroksiyurea, ambayo hupunguza mara za maumivu. Asubuhi za baridi anapanda bodaboda badala ya kutembea, na dereva ni kijana wa kwaya ambaye mara nyingi hukataa nauli. Mwanafunzi mwenzake anayepita karibu na nyumba ya mchungaji huacha madaftari jioni na kuyachukua asubuhi. Mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu wa hisabati, huja Jumamosi baada ya chai. Siku nyingine anamkuta mwanafunzi wake amelala. Haondoki. Anaketi kando ya kitanda, anaeleza hesabu mbili tu, kisha anaomba na kwenda. Nilipomshukuru alinijibu, “Mchungaji, mbili zikikaa kichwani zinatosha kwa leo.”

Maombi nayo hayakukoma, na ningependa kulisema hili kwa uwazi kwa sababu ya wale wanaoumizwa na maneno ya ndugu zao katika imani. Kuna waliotuambia kwamba imani yetu ikitimia tutatupa dawa. Sisi tunaomba uponyaji kila siku, na tunatoa dawa kila siku, wala hatuoni ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Watoto wetu wa Kipaimara wanajifunza Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529. Anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, Luther hakuishia kwenye chakula. Humo aliweka pia afya, na marafiki wema, na majirani waaminifu. Kwa hiyo dawa ni mkate wa kila siku. Kijana wa bodaboda ni mkate wa kila siku. Mzee wa hisabati mbili ni mkate wa kila siku. Tunaposema Baba Yetu, tunakuwa tumewaombea hao, na Mungu ametujibu kupitia wao.

Binti yetu hajapona. Alifanya mtihani wa kidato cha pili, akafaulu, si kwa alama za juu, lakini aliingia kidato cha tatu pamoja na darasa lake. Muhula uliopita alikosa siku 11. Mbili kati ya hizo alikuwa hospitalini akiongezewa damu, na siku ya pili mwalimu wake wa darasa alifika wodini akiwa na barua iliyoandikwa na wenzake. Juu kabisa walikuwa wameandika kwamba jina lake liliitwa, nao wakaitikia kwa niaba yake kuwa yuko hospitali. Alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini.

Wapendwa, tarehe 19 Juni ni siku ambayo mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Tarehe hiyo hiyo ndiyo inayoadhimishwa kama Siku ya Sikoseli Duniani. Tunapokumbuka siku tulipoanza kuhesabiana kama kanisa moja, inafaa tuulize: katika usharika wetu ni watoto wangapi wana ugonjwa huu, au kisukari, au kifafa, au pumu, na wako wapi leo? Wewe uliye mwalimu, rejesta yako ni chombo cha upendo ukiitumia hivyo. Wewe uliye kiongozi wa jumuiya, mtoto asipoonekana wiki mbili, panga mtu wa kwenda. Ninyi vijana mnaotangaziwa ndoa, nendeni mkapime damu kabla, mjue mlicho nacho. Na wewe mzazi unayekesha na mtoto, usiache kwenda shuleni kueleza, hata kama ulishaeleza mwaka jana, maana walimu huhamishwa.

Katika darasa letu la Kipaimara tumeongeza safu moja kwenye daftari la mahudhurio. Baada ya safu ya “hayupo” kuna nyingine iliyoandikwa “nani amekwenda”. Haijawahi kujaa yote, lakini mwinjilisti huniletea daftari hilo kila Jumatatu, nasi huanza wiki kwa kutazama palipo wazi.