Machozi ya Bibi Hayakuwa ya Furaha, na Kapsheni Niliandika Mimi

Hii stori nimeikalia karibu miaka mitatu. Nimeianza mara nyingi kwenye simu, naandika mistari miwili, nafuta. Leo nimeamua iende hivyo hivyo ilivyo. Naomba tu kitu kimoja: msianze kubahatisha majina huko kwenye komenti. Staa ninayemsema simtaji, kanisa silitaji, kijiji sikitaji. Mwenye kosa kubwa humu ni mimi, na mimi mnanijua.

Kipindi hicho nilikuwa nashika kurasa za dada mmoja wa muziki wa injili. Yeye anaimba, mimi nashika simu. Picha napiga mimi, kapsheni naandika mimi, ukitukana kwenye komenti anayekufuta ni mimi. Kazi ilikuwa tamu, na hela ya kodi kule Tabata ilikuwa haikosi.

Basi mwezi wa nane tukapanga misheni. Wazo lilikuwa lake na lilitoka moyoni, hilo nalisema wazi. Alialikwa na mwinjilisti mmoja wa kijiji huko wilaya ya Kongwa, Dodoma, akahubiri kidogo, aimbe, na tupeleke msaada. Tukachangisha mtandaoni wiki tatu. Tukapata mifuko sitini ya unga wa kilo tano, katoni za sabuni, sukari, na marobota mawili ya mitumba. Coaster moja ya watu, Canter moja ya mizigo, na kamera mbili.

Tulitoka Dar alfajiri, lakini tukakaa sana Morogoro kwa sababu watu walitaka chai na picha za milima. Tulipopita Kibaigwa nikaona magunia ya mahindi yamepangwa kama nyumba. Kwa wasiojua, pale ndipo kuna lile soko kubwa la nafaka, malori yanatoka hadi nchi jirani kuja kununua. Dereva wa Canter akacheka peke yake. Nikamuuliza, vipi? Akasema, "Bro, tumebeba unga kutoka Manzese tunauleta kwenye mahindi." Nikacheka na mimi. Ndiyo kwanza nilikuwa nawaza mwanga wa jioni utakuwaje.

Tukakata kona pale Mbande, tukaingia vumbi. Kufika kijijini ni saa nane mchana. Watu walikuwa chini ya mbuyu tangu saa mbili asubuhi. Saa mbili, jamani. Kulikuwa na wamama wenye watoto mgongoni, wazee na fimbo zao, wanafunzi wamevaa sare na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Walipotuona wakaanza kuimba. Kwaya ya Kigogo mmeisikia? Zile sauti zinapanda na kushuka, zeze linalia, mabega yanacheza. Nilisisimka mwili mzima, na nikarekodi.

Mwinjilisti alikuwa na daftari. Kijiji kilikaa kikao kikachagua kaya arobaini zenye hali ngumu zaidi. Kwa hiyo unga ulikuwa unatosha na kubaki. Lakini staa aliniita pembeni akasema, "Mdogo wangu, tutafutie mtu mmoja, stori moja. Watu hawawezi kulia kwa watu arobaini."

Hapo ndipo nilipomwona bibi.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele kabisa. Macho mekundu, yanatiririka machozi, anayafuta kwa kona ya kitambaa. Amevaa kitenge kipya kabisa, cha bluu na njano, bado kina ile mikunjo ya dukani. Nikamwendea. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, mbukwenyi." Mikono yake ilikuwa mikavu kama gome, lakini alinishika vizuri, kwa upendo, kama tunajuana.

Nikamtazama kupitia kamera. Nikaona kitenge kinawaka mno. Na hapa ndipo ninapopata aibu kuandika. Nilimwambia mjukuu wake aliyekuwa pembeni, "Bibi hana nguo nyingine? Ile ya kila siku?" Binti akaniangalia. Akaenda nyumbani, akarudi na shuka kuukuu lenye matobo. Bibi akavua kitenge chake, akakikunja taratibu mara nne, akampa binti ashike. Akajifunga shuka. Hakuuliza kitu.

Tukampa mfuko wa unga. Tukachukua ukarudi, tukampa tena, kwa sababu mara ya kwanza jua lilikuwa nyuma. Mara ya tatu staa akapiga magoti, akamkumbatia, na bibi machozi yanamwagika mashavuni. Niliipata. Unajua mpiga picha anavyojua kwamba ameipata? Niliijua pale pale.

Saa kumi na mbili jioni tulikuwa barabarani kwenda hotelini Dodoma mjini. Tulikaa kijijini masaa manne. Nikiwa ndani ya Coaster nikaandika kapsheni: machozi ya furaha, Mungu hajawahi kumwacha mtu, asanteni kwa kuchangia. Mpaka asubuhi picha ilikuwa imefika mbali kuliko wimbo wowote wa yule dada. Wiki mbili baadaye kampuni moja ikampigia simu ya dili la tangazo. Nami nikapata bonasi.

Sasa, siku ya tano hivi baada ya kurudi, ikaingia simu ya mwinjilisti. Sauti ya upole, hana haraka. Akasema, "Kijana wangu, nimeonyeshwa ile picha. Ni nzuri. Lakini nilitaka nikwambie, yule bibi halii kwa furaha. Yule ana vikope. Analia hivyo kila siku, hata akichota maji."

Sikuwa najua vikope ni nini. Akanipa nesi wa zahanati anifafanulie. Ni trakoma. Ugonjwa unaanza utotoni, unaambukizwa kwa mikono, kwa nguo zinazofutia uso, na kwa nzi wanaotua kwenye macho ya watoto. Mtu akiambukizwa tena na tena miaka mingi, kigubiko cha jicho kinapata makovu kwa ndani, kinajikunja, kope zinageuka zinaanza kukwangua mboni. Kila ukipepesa jicho, zinakwangua. Bibi alikuwa na kibano chake kidogo, mjukuu anamng'oa kope, zinaota tena. Ukiacha hivyo, mwisho ni upofu.

"Na dawa?" nikauliza. Nesi akasema ipo. Watoto na kijiji kizima hupewa dawa kwa awamu. Na kwa aliyefika hatua ya bibi kuna upasuaji mdogo wa kigubiko, unapigwa ganzi, hauchukui muda, na ni bure pale timu ya macho inapokuja kituo cha afya. Kumbe Kongwa inajulikana na wataalamu wa trakoma duniani, utafiti umefanyika pale tangu miaka ya 1980, na mojawapo ya vitu vilivyoonekana ni rahisi tu: mtoto akinawa uso, ugonjwa unapungua. Maji na uso safi. Sisi tulipeleka unga, tena mwezi wa nane watu wakiwa wametoka kuvuna. Mwinjilisti aliniambia bila kulaumu, "Njaa yetu ni Januari na Februari, kijana wangu. Mngetuuliza."

Nikauliza kwa nini bibi hakwenda kufanyiwa. Akasema timu ilikuja mara mbili, bibi akakosa nauli ya bodaboda, na mtu wa kumsindikiza anapoteza siku mbili za kibarua. Jumla yake? Elfu thelathini.

Wadau, bonasi yangu ilikuwa mara kumi na tano ya hiyo.

Sikulala vizuri usiku ule, na si kwa ajili ya bibi peke yake. Kuna kitu sijawahi kukiandika humu. Mimi nimesomeshwa na mfadhili. Nilikuwa mmoja wa wale watoto wa kituo cha kanisa, Jumamosi tunakwenda, tunakula uji, tunajifunza nyimbo, tunaandika barua kwa mtu wa ng'ambo tusiyemjua. Mama yangu wa barua alikuwa mzee wa kizungu, ananisimulia habari za paka wake. Ada yangu kidato cha kwanza mpaka cha nne ilitoka kwake. Namshukuru mpaka leo, na sitakaa nimruhusu mtu aniambie misaada yote ni kiki.

Lakini nakumbuka siku ya kupigwa picha ya faili. Nilikuwa na miaka saba. Nilivaa viatu vyangu vya Krismasi, vyeusi, mama alivilipia kidogo kidogo kwa mwenye duka. Mtu wa kamera akaniangalia miguu, akasema, "Vua viatu." Nikavua. Nikasimama na kibao cha namba kifuani, miguu kwenye vumbi. Nililia njiani kurudi, mama akauliza nini, nikasema hakuna kitu.

Miaka ishirini baadaye nikamwambia bibi wa watu avue kitenge.

Mngependa niseme kwamba asubuhi nilifuta ile picha nikaandika ukweli. Sikufanya hivyo. Nilimwendea yule dada nikamweleza. Alinyamaza, akalia kweli, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo sijapata jibu lake: "Nisipoposti, nani atachangia? Wewe unadhani watu wanatoa kwa sababu nimewaandikia barua?" Na ana hoja. Ule mfuko wa unga ulilipiwa na picha za safari iliyopita. Tukakubaliana iachwe kwanza, kwa sababu dili lilikuwa halijasainiwa. Mimi nikatuma elfu arobaini kwa simu ya mwinjilisti, nikajiona nimelipa deni. Niliendelea na kazi miezi saba zaidi. Nimeondoka mkataba ulipoisha, bila ugomvi, bila ushujaa wowote.

Mwaka uliofuata nilikuwa Dodoma kwa shughuli nyingine, nikapanda gari mpaka kijijini. Sikuwa na kamera. Mwinjilisti alinipokea kwake, tukala ugali wa uwele na mlenda. Ana miaka kumi na minane pale na yeye si mwenyeji, ametoka mkoa mwingine. Anazika, anaozesha, anapeleka wajawazito na pikipiki yake usiku. Hana ukurasa popote. Akanisimulia jinsi wamisionari wa CMS walivyofika Mpwapwa, hapo jirani, mwaka 1876 wakielekea Uganda, na miaka miwili baadaye wakarudi kukaa.

Nikakumbuka safari ya shule Bagamoyo, kwenye ile misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanza 1868. Sisi wanafunzi tulikimbilia mnara wa kanisa, lakini kilichonibakia kichwani ni makaburi. Misalaba imepangwa mistari, wengi walikufa wangali vijana kwa homa. Sisemi walikuwa malaika. Walidharau ngoma zetu na majina yetu, na ukoloni ulikuja nyuma yao. Lakini walikaa. Hata kama ulimchukia ulijua anakoishi, ungeweza kwenda mlangoni kwake kumwambia umekosea. Bibi angekuja mlango gani kuniambia mimi?

Jioni tukaenda kwake. Alikuwa anapepeta karanga uani. Akainua uso, akanitazama sawasawa. Jicho la kulia lilikuwa kavu. Kavu kabisa. La kushoto walifanyia pia, maumivu yamekwisha, lakini mboni ilikuwa imeshapata kovu, haoni nalo. Nesi alisema angewahi miaka michache tu, yote yangepona.

"Wewe si ndiye yule wa simu?" akaniuliza.

Nikasema ndiye. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yananipotea, mwinjilisti ananisaidia kwa Kigogo. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja: ile picha ya siku ile, iko wapi? Maana jirani alimwonyesha, akajiona na lile shuka, na mwanawe aliyeko Dar naye aliiona, akapiga simu kwa hasira akidhani nyumbani wanamtesa mama yake.

Sikuwa na jibu.

Akainuka, akaingia ndani, akachelewa kidogo. Akatoka na kile kitenge cha bluu na njano, amejifunga vizuri, na kilemba chake. Akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mgongo. "Haya," akasema. "Sasa piga. Umtumie mwanangu."

Nikapiga kwa simu yangu ya kawaida. Moja tu, mara moja tu. Nikamtumia mwanawe pale pale, akajibu kwa kunishukuru na kuuliza kama mama anahitaji kitu.

Hiyo picha ninayo. Ni nzuri kuliko ile ya kwanza, na hamtaiona humu. Ile ya kwanza bado iko kwenye ukurasa wa watu, inaendelea kukusanya laiki, na neno la siri nilishalirudisha.

Sasa niwaulize, maana najua wengi wenu mnapanga kwenda vijijini na vituo vya watoto mwisho wa mwaka. Mmeshampigia mtu anayeishi pale kuuliza wanakosa nini, na mwezi gani? Na yule mtakayempiga picha, mtamwacha na viatu vyake? Halafu lile swali la yule dada bado linanisumbua: tusipoposti, nani atachangia? Mwenye jibu aniandikie hapo chini. Nitasoma zote.