Siku Nne Ndani ya Pipa

Miaka ya 1980, mradi wa michikichi ulipokuwa ukifungua barabara za mashambani katika bonde la Imbo nchini Burundi, nilikuwa msaidizi wa maabara ya udongo. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha matofali pale Rumonge, chenye mizani, oveni, chekeche za shaba na pipa la maji. Nitalieleza zaidi pipa, maana ugomvi wote wa kazi yetu ulianzia humo.

Tulichimba mashimo ya mita moja hadi mbili kufuata njia ya barabara. Karibu na Ziwa Tanganyika tulikuta mchanga, na katika mabonde mfinyanzi wa kijivu. Ukipanda kuelekea milima ya Mumirwa, udongo unakuwa mwekundu wenye changarawe. Kila aina tuliifunga kwenye mfuko wake na karatasi yenye namba ya shimo na kina. Kidogo kiliwekwa kwenye kopo, kikapimwa uzito, kikalala kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi kesho yake. Uzito uliopungua ndio maji yaliyokuwemo.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya vikomo vya Atterberg, mkemia wa Sweden aliyevieleza mwaka 1911. Unaukanda udongo uliochekechwa, unaupaka ndani ya kikombe cha shaba, unauchora mfereji katikati, kisha unazungusha mpini mara mbili kwa sekunde huku kikombe kikipanda na kuanguka sentimita moja. Mfereji ukijifunga kwa mapigo 25, maji yaliyomo ndiyo kikomo cha juu: yakizidi hapo, udongo unaanza kutiririka. Halafu unaviringisha uzi wa udongo kwa kiganja juu ya kioo. Ukianza kukatika ukiwa na unene wa milimita 3, umefika kikomo cha chini. Nafasi kati ya vikomo hivyo viwili ikiwa kubwa, jua kwamba udongo huo utavimba masika na kupasuka kiangazi. Mfinyanzi wa kijivu wa Imbo niliuviringisha, nikaukunja na kuuviringisha tena, na bado haukutaka kukatika. Viganja vyangu vilinuka tope la ziwa hadi usiku.

Udongo wa kutandika barabara ulikuwa na kipimo chake, kile kilichoanzia California. Unaushindilia ndani ya kalibu ya chuma, tabaka tano, kila tabaka mapigo 56 ya nyundo ya kilo 4.5. Kisha kalibu inazamishwa ndani ya lile pipa la maji siku nne, juu yake vibati vizito badala ya uzito wa barabara, na saa ndogo ya kusoma uvimbe. Ikitolewa, pistoni inasukumwa ndani polepole, na tunasoma nguvu iliyotumika kufika milimita 2.5, halafu 5.

Siku nne hizo zilimkera mkandarasi. Malori yake yalikuwa yamesimama, na yeye alikuja mlangoni kwetu kila asubuhi. "Shefu," alimwambia mhandisi wetu, "jua lote hili la mwezi wa saba, maji yatatoka wapi? Upime mkavu tuendelee." Mhandisi hakubishana. Aliniagiza nishindilie kalibu mbili za udongo uleule, moja izamishwe, nyingine ikae mezani. Siku ya nne tulimwita mkandarasi aje aone. Kwenye ile kavu pistoni iligoma kuingia. Kwenye iliyotoka pipani ilizama kama kidole kwenye ugali wa moto. Mkandarasi alitazama saa ya mashine, akaondoka bila kusema neno.

Lakini aliyemaliza ubishi alikuwa mzee mmoja mvuvi, aliyetukuta shambani tukichimba.

"Mwanangu, hapo ulipo mimi nilipita na mtumbwi mwaka 1964."

"Kweli, babu?"

"Waulize wazee wote wa hapa."

Na ni kweli. Mvua kubwa za 1961 na 1962 ziliinua Ziwa Tanganyika, na mwaka 1964 maji yalifika kimo ambacho bonde hili halikuwa limekiona kwa miongo mingi. Mhandisi alimwomba mzee atuonyeshe maji yalipoishia, tukapigilia vigingi nyuma yake. Tangu siku hiyo hakuna sampuli iliyotoka upande wa ziwa wa vigingi vile ikapimwa kavu. Mfinyanzi ulichimbwa ukaondolewa, ukaletwa udongo mwekundu wa mlimani. Kwangu mimi, hakuna kipimo cha mashine yetu kilichozidi thamani ya mstari aliotuchorea mzee yule.

Ziwa limepanda tena. Kuanzia 2020 hivi maji yamekuwa yakiingia makazi ya pwani, Gatumba hadi Rumonge, na Aprili 2024 serikali ya Burundi iliomba msaada wa kimataifa. Sheria ya maji ya 2012 inataka mita 150 ziachwe kutoka ukingoni, lakini nyumba nyingi zilishakuwa ndani ya mita hizo. Hata nje ya eneo hilo, ukuta uliosimama juu ya mfinyanzi hupasuka maji ya chini yakipanda, bila wimbi kuugusa.

Wanaojenga upya nawaomba jambo moja. Kipimo cha siku nne ni cha barabara. Kwa nyumba, anzeni na shimo la mita mbili na penetrometa, ile fimbo ya chuma inayopigiliwa kwa nyundo huku mkihesabu mapigo, na kazi hiyo ifanywe mwezi wa nne au wa tano, ziwa likiwa juu. Fundi akikuletea majibu ya mwezi wa saba, mrudishe akapime tena.